Webley ya zamani, tazama mpini kwanza
Yakhe, ukionyeshwa picha ya rivolva (bastola ya silinda ya kuzunguka) ya Webley ya Muingereza usikimbilie kusema ni toleo gani, tazama mpini. Mark VI, yaani toleo la sita, iliyoanza 1915 mpini wake chini umekatwa mraba na mtutu kawaida inchi 6, zile za jeshi za kabla yake mpini umepinda kama mdomo wa kasuku. Alama ya toleo imegongwa ubavu wa kushoto juu ya silinda, kama imefifia mulika tochi ya simu kwa pembeni herufi zitokeze, ila msasa hapana, jamaa mmoja alisugua ikabaki chuma tupu. Na ukiikuta yenyewe kashani kwa babu, wallahi usiichezee wala usiibebe, waite polisi waje waichukue.