Kupima kemikali mpya kwa mnyoo C. elegans

Mnyoo huyu ana urefu wa milimita 1, hamdhuru mtu wala mmea, na kutoka yai hadi kutaga huchukua siku 3 hivi. Tunamtumia kutafuta dawa za minyoo ya tumboni, na viuatilifu vya minyoo fundo wanaovimbisha mizizi ya nyanya.

Hatua ya 1: Pata minyoo wa rika moja. Wakuze kwenye agari (jeli ya mwani) iliyopakwa bakteria E. koli, ambao ndio chakula chao, nyuzijoto 20. Wakijaa mayai, watie kwenye mchanganyiko wa klorini na sodiamu haidroksaidi. Miili huyeyuka, mayai husalimika kwa sababu ya ganda. Usiondoe macho hapo: ukichelewa kusuuza, mayai nayo yanakufa. Yalaze usiku kucha bila chakula. Lava (minyoo wachanga) wataanguliwa na kudumaa wakisubiri kula.

Hatua ya 2: Wagawe. Sahani ya vishimo 96, lava 20 hivi kila kimoja, bakteria kidogo, kisha kemikali. Kiyeyusho cha DMSO kisizidi asilimia 1. Tenga vishimo vya DMSO tupu, na vingine vya levamisole, dawa ya minyoo ambayo tunajua inawapoozesha. Bila hivyo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 3: Tazama kwa darubini. Mnyoo mzima majini hujipinda huku na huku bila kupumzika. Aliyekufa hunyooka kama kijiti. Mguse kwa waya mwembamba uhakikishe. Ngozi yake huzuia kemikali nyingi kupenya, kwa hiyo usiitupe kemikali kwa kuwa tu hawakufa.

Hatua ya 4: Jua kemikali inagonga wapi mwilini mwa mnyoo. Mimi hatua hii siiruki kamwe. Minyoo waliopoteza jeni ya ben-1 hutambaa vizuri tu kwenye albendazole, dawa ya minyoo, kwani jeni hiyo ndiyo hutengeneza tubulini, protini ya seli inayonaswa na dawa hiyo. Kemikali yako ikishindwa kuwaua hawa, huenda umegundua upya dawa ileile ambayo minyoo wa mbuzi na kondoo wameshaizoea. Ikiwaua, endelea nayo.

Hatua ya 5: Ipime kwa wasiohusika. Seli za binadamu, vifaranga vya samaki, nyuki. Kiuatilifu cha aldicarb kiliua minyoo kwa kuzuia kimeng'enya cha neva ambacho mkulima naye anacho mwilini, ndiyo maana kilikuwa sumu kali kwake pia. Tunatafuta kinachoua minyoo bila kumgusa mkulima.

Kilichobaki kipeleke kwa minyoo fundo wenyewe, kwenye vyungu vya miche ya nyanya, vingine bila dawa. Baada ya wiki 6 hadi 8 ng'oa, osha mizizi taratibu, uhesabu vifundo.