Namna ya Kusali Zaburi Nyumbani, Asubuhi na Jioni

Wakristo wengi wanaoacha sala ya kila siku hawaiachi kwa sababu imani imewatoka, bali kwa sababu maneno yamewaishia. Mtu hupiga magoti usiku akiwa amechoka, akaomba afya, ada ya watoto, riziki na safari njema kwa ndugu walio mbali, na kesho yake akarudia yale yale kwa mpangilio ule ule, mpaka mwenyewe anachoka kujisikiliza. Mtu wa namna hiyo huambiwa aongeze bidii. Mimi ningemshauri apunguze kazi ya kutunga maneno, afungue kitabu cha Zaburi, na kuzifanya Zaburi zenyewe kuwa sala yake, kwa utaratibu ambao mtu mwenye kazi, familia na uchovu anaweza kuushika.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko madhehebu yetu yote. Yesu mwenyewe alipokuwa msalabani alisali kwa maneno ya Zaburi ya 22, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”, na kwa maneno ya Zaburi ya 31, “Mikononi mwako naiweka roho yangu”. Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliwaagiza watawa wake wazimalize Zaburi zote 150 kila juma, akiongeza, kwa namna ya kuwaaibisha kidogo, kwamba Mababa wa zamani walikuwa wakizimaliza kwa siku moja. Kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza kilichotoka mwaka 1549 kilizigawa kwa siku 30 za mwezi, asubuhi na jioni, na mgawanyo huo ungali unajulikana kwa Waanglikana hadi leo.

Basi jambo la kwanza ni kuchagua mwendo. Anayeanza asichukue mwendo wa mwezi mmoja, kwa maana siku ya kwanza tu atakuta Zaburi tano asubuhi na tatu jioni, na kabla ya juma kwisha atakuwa anasoma ili amalize, si ili asali. Mwendo ninaoupendekeza ni Zaburi moja kwa siku, isomwe asubuhi na kurudiwa jioni. Zile ndefu zikatwe: Zaburi ya 78 yenye mistari 72 inaweza kuchukua siku tatu, na Zaburi ya 119 yenye mistari 176 tayari imegawanyika katika mafungu 22 ya mistari minane minane, kwa hiyo chukua fungu moja kila siku bila haraka. Kwa hesabu hiyo utazimaliza zote kwa muda wa miezi sita hivi. Aliyekwisha kuzoea, na ambaye ana robo saa asubuhi na nyingine jioni, ndiye anayeweza kujaribu mgawanyo wa siku 30.

Kabla hujaanza, angalia hesabu ya Zaburi katika Biblia au kitabu chako cha sala. Baadhi ya vitabu vya Kikatoliki hufuata hesabu ya tafsiri ya kale ya Kigiriki na ya Kilatini, ambamo Zaburi ya 9 na ya 10 ni moja, na hivyo zinazofuata, karibu zote mpaka ya 147, hupungua kwa namba moja. Ile ya mchungaji mwema, ambayo wengi huijua kama ya 23, humo ni ya 22. Mume na mke wenye vitabu tofauti wanaweza kupotezana kwa sababu ya jambo dogo kama hili.

Saa ya sala ifungwe kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, kwa sababu azimio la kusali “nikipata nafasi” halidumu mjini wala kijijini. Anayetoka alfajiri kuwahi daladala asali mara tu anapoamka, kabla hajagusa simu. Mama anayewasha jiko asali wakati maji ya chai hayajachemka. Mwenye zamu ya usiku asali anaporudi, hata kama kwa wengine ni saa tatu asubuhi. Tumia Biblia ya karatasi ukiweza kuipata. Simu inafaa safarini na umeme unapokatika, lakini ujumbe mmoja unaoingia katikati ya mstari hutosha kukuondoa kwenye sala, na mimi sijaona mtu anayeushinda mtego huo kila siku.

Sasa tuje kwenye namna yenyewe ya kusali, maana hapa ndipo watu wengi hugeuza Zaburi kuwa somo la kawaida. Keti au simama, nyamaza kidogo, kisha isome kwa sauti inayosikika masikioni mwako mwenyewe. Zaburi ni ushairi, na mistari yake mingi ina vipande viwili, cha pili kikilirudia wazo la kwanza, kulikuza au kulipinga. Kwa hiyo pumua kati ya kipande na kipande, wala usikimbilie mwisho. Ukifika mahali ambapo neno limekugusa, simama hapo. Ukimaliza, kaa kimya, kisha mwambie Mungu kwa maneno yako lile ambalo Zaburi imelifungua, na umalize kwa sala ya Baba Yetu. Siku nyingine maneno yako yatakuwa mengi, siku nyingine hutakuwa nayo hata moja, na Zaburi itakuwa imekwisha kusema kwa niaba yako.

Chukua kwa mfano Zaburi ya 13, ambayo ina mistari sita tu. Inaanza kwa lawama: “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” na swali hilo la “hata lini” linarudi mara nne kabla mistari miwili haijakwisha. Mtu aliyefundishwa kwamba sala ya adabu huanza kwa shukrani atashtuka, lakini hayo ni maneno ya Maandiko Matakatifu, na yamewekwa humo ili yasaliwe. Unapoyasoma, yape majina: hata lini nitafuta kazi bila kupata, hata lini mwanangu ataugua, hata lini shauri letu la ardhi litakaa barazani bila hukumu. Mstari wa tatu na wa nne hugeuka kuwa ombi, na hapo nawe omba waziwazi, bila kuzunguka. Kisha katika mstari wa tano mwimbaji anasema kwamba amezitumainia fadhili za Mungu, ingawa hakuna dalili hata moja katika Zaburi hiyo kwamba shida yake imekwisha. Usiuruke mgeuko huo, wala usijilazimishe kuuhisi. Usome kama ulivyo, hata kama moyo wako bado uko katika mstari wa kwanza. Imani hulelewa na kurudia maneno hayo kila inapofika zamu yake, mpaka siku moja utakapogundua kwamba unayasema kwa kumaanisha.

Athanasio, askofu wa Aleksandria katika karne ya 4, aliwahi kumwandikia barua mtu aitwaye Marselino juu ya jambo hili. Alisema kwamba katika vitabu vingine vya Maandiko msomaji husikia habari za watu wengine, lakini katika Zaburi huyatamka maneno kana kwamba ni yake mwenyewe, na humo huiona hali ya nafsi yake kama katika kioo. Ni kweli, ila kuna siku ambazo kioo hicho kitaonyesha uso usio wako. Umeamka na furaha, na zamu ya leo ni Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno la faraja mwishoni. Usiiache ukatafute yenye furaha. Mtafute katika fikira mtu ambaye kwake Zaburi hiyo ni ya leo, mgonjwa wa jirani, mfiwa wa mtaani, mkimbizi aliyelala kambini, na uisome kwa ajili yake. Vivyo hivyo, siku ya msiba wako ukikutana na Zaburi ya sifa, kumbuka kwamba kuna mwingine anayeiimba leo kwa haki.

Zipo pia Zaburi zenye laana, kama ya 58, ya 109 na mwisho wa ya 137, na msomaji mwaminifu hujiuliza kama Mkristo aliyeamriwa kuwapenda adui zake anaruhusiwa kuzisali. Kanisa Katoliki, lilipopanga upya Sala ya Vipindi, yaani sala yake rasmi ya kila siku, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, liliziacha kabisa tatu, yaani ya 58, ya 83 na ya 109. Mimi naona mtu mzima aliyeonewa hupata humo mahali pa kuipeleka hasira yake: anayemwambia Mungu “wewe uamue” amekwisha kuitoa kesi mikononi mwake, na hilo ni afadhali kuliko tabasamu la Jumapili linaloficha kisasi. Lakini mbele ya watoto wadogo zirukeni, na anayezisali na agundue kwamba ghadhabu yake imepungua, si kwamba imepata baraka.

Katika familia, sala ya jioni iwe fupi kuliko unavyotamani. Baba, mama, bibi au yeyote anayeongoza asome kipande cha kwanza cha mstari, na wengine waitikie kwa cha pili. Kwa njia hiyo hata mgeni hushiriki bila kuombwa kutoa sala ya papo kwa papo, jambo linalowatisha wengi. Kwa watoto ambao hawajajua kusoma, Zaburi ya 136 ni zawadi, kwa kuwa kila mstari wake huishia kwa kiitikio kile kile, “Kwa maana fadhili zake ni za milele”, nao watakishika jioni ya kwanza. Mtoto aliyeanza kusoma apewe Zaburi ya 117, yenye mistari miwili tu, ili naye aongoze kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pasiwe na mahubiri baada ya Zaburi. Baba anayetumia sala ya jioni kumkemea kijana wake kwa mafumbo atamfukuza kijana huyo katika sala kwa miaka mingi.

Mchana hauhitaji kitabu. Yohane Kasiano, aliyekwenda kujifunza kwa watawa wa jangwa la Misri, alieleza jinsi walivyoushika mstari wa kwanza wa Zaburi ya 70, “Ee Mungu, uniokoe, Ee BWANA, unisaidie hima”, na kuurudia katika kazi, safari, njaa na majaribu. Chagua mstari mmoja katika Zaburi ya asubuhi na uufanye hivyo hivyo ukiwa shambani, dukani, kwenye foleni ya hospitali au kabla ya kujibu maneno makali ofisini. Usiku, Benedikto aliagiza Zaburi tatu zisizobadilika, ya 4, ya 91 na ya 134, na faida yake ya kivitendo ni kwamba zikirudiwa kila usiku hushikwa kwa moyo na kusaliwa hata taa ikiwa imezimwa. Anza na ya 4 peke yake.

Unapougua au unapomuuguza mtu, nakili kwa mkono Zaburi chache kwa herufi kubwa na uzibandike mahali zinapoonekana kitandani. Posidio, aliyeandika maisha ya Agostino, anasimulia kwamba katika ugonjwa wake wa mwisho mwaka 430, wakati mji wake wa Hipo, Afrika Kaskazini, ulipokuwa umezingirwa na wavamizi walioitwa Wavandali, askofu huyo aliagiza Zaburi za toba ziandikwe na kuwekwa ukutani, akazisoma akiwa amelala huku akilia. Mgonjwa wako huenda asihitaji za toba. Ya 23, ya 121 na ya 130 humtosha mtu asiyeweza kushika kitabu, na wewe uliyechoka kumuuguza utazihitaji kuliko yeye.

Utaruka siku, bila shaka. Ukiruka, usilipe deni kwa kusoma Zaburi nne kwa mpigo. Endelea na ile uliyoiachia, kama kwamba jana haikuwapo. Ukiona umeruka juma zima, kagua saa uliyochagua kabla ya kukagua imani yako, kwa kuwa mara nyingi kosa liko kwenye saa. Na ukiifikia ya 150, andika tarehe pembeni kwa penseli, kisha kesho yake uanze tena na ya kwanza.