Jinsi ya kuwasilisha malalamiko dhidi ya mtumishi wa umma anayehudumia wanajeshi wastaafu mkoani Tabora

Mwongozo huu unamhusu mwanajeshi mstaafu, mjane wake, au mtoto anayefuatilia haki za mzazi wake mkoani Tabora, ambaye amefika katika ofisi ya Serikali kwa shauri la pensheni, mirathi, uhakiki au matibabu, na akakuta mtumishi aliyepaswa kumhudumia ameacha wajibu wake. Wapo miongoni mwao waliopigana Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979, na leo umri hauwaruhusu kusafiri mara kwa mara kutoka Kaliua au Sikonge ili waambiwe kwamba jalada halionekani. Mtumishi anayewatendea hivyo anaweza kuwajibishwa, mradi lalamiko liandikwe ipasavyo na lifike kwa mwenye mamlaka juu yake.

Kabla ya kushika kalamu, tenganisha dai na lalamiko. Pensheni ambayo haijalipwa ni dai. Mtumishi aliyekalia jalada bila kulipeleka mbele, aliyekataa kupokea nyaraka, au aliyemtolea mzee lugha chafu mbele ya watu, huyo ndiye wa kulalamikiwa. Mambo hayo mawili yakichanganywa katika barua moja, ofisi hujibu lile lililo jepesi: itaeleza kwamba malipo yanashughulikiwa, kisha shauri litafungwa bila mwenendo wa mtumishi kuguswa. Andika barua mbili, kila moja na kichwa chake cha habari. Mjane naye hana sababu ya kusubiri hati ya usimamizi wa mirathi ndipo alalamike kwamba alidharauliwa dirishani. Hati hiyo inahusu mali ya marehemu, ilhali dharau alitendewa yeye mwenyewe.

Baada ya hapo, tambua mwajiri wa mtumishi huyo, kwa kuwa ofisi zinazomhudumia mstaafu haziko chini ya mkubwa mmoja. Pensheni za wanajeshi hulipwa na Hazina, kwa hiyo lalamiko dhidi ya mtumishi wa Hazina Ndogo, yaani ofisi ya Hazina iliyopo mkoani, huandikwa kwa mkuu wa ofisi hiyo, na likikwama hupelekwa kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha, ambaye ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali. Mtumishi wa halmashauri, awe wa zahanati au wa ustawi wa jamii, husimamiwa na Mkurugenzi wa Halmashauri. Juu yake yupo Katibu Tawala wa Mkoa. Iwapo aliyekukosea ni mwanajeshi aliye kazini, fahamu kwamba yeye huongozwa na Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura 192, na nidhamu yake imo mikononi mwa makamanda wake. Barua iende kwa kamanda wa kikosi chake, na nakala kwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Watumishi wa kiraia huongozwa na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura 298.

Ushahidi mkubwa katika mashauri ya namna hii ni tarehe. Tafuta daftari na uandike kila siku uliyofika, ofisi uliyoingia, cheo cha aliyekusikiliza, jina lake ukilipata, na maneno aliyokuambia. Mfano wa Marekani unaonyesha nguvu ya kumbukumbu hizo. Mwaka 2014, wakaguzi walipochunguza hospitali ya wanajeshi wa zamani mjini Phoenix, walichukua sampuli ya wagonjwa 226 na kukuta kwamba kwa wastani walisubiri siku 115 kabla ya miadi ya kwanza, ilhali takwimu za hospitali zilionyesha siku 24 tu. Waziri aliyehusika, Eric Shinseki, alijiuzulu mwezi Mei mwaka huo, na mwaka 2017 ikapitishwa sheria ya kurahisisha kuwawajibisha watumishi wa wizara hiyo na kuwalinda wanaofichua maovu. Uovu ule ulidhihirika pale tarehe za kweli zilipowekwa kando ya tarehe zilizoandikwa ofisini.

Barua yenyewe isizidi kurasa mbili. Juu weka jina lako kamili, anwani, namba ya simu, namba yako ya jeshi na tarehe. Kichwa cha habari kiwe wazi, kwa mfano: “YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MTUMISHI WA DIRISHA LA PENSHENI KWA KUKATAA KUPOKEA NYARAKA.” Kisha eleza matukio kwa mfuatano wa tarehe, ukitaja wajibu uliopuuzwa. Hapa Mkataba wa Huduma kwa Mteja wa ofisi husika utakufaa sana, maana humo ofisi yenyewe imeahidi muda wa kutoa huduma. Epuka matusi na tuhuma usizoweza kuzithibitisha. Ukisema “ni mwizi” bila ushahidi, umempa mlalamikiwa pa kujifichia. Malizia kwa kusema unachoomba: uchunguzi, hatua za nidhamu, na majibu ya maandishi. Ambatisha nakala za kitambulisho na nyaraka husika, lakini nakala halisi usizitoe mkononi. Mtoto anayeandika kwa niaba ya mzazi aambatishe barua ya idhini yenye saini au dole gumba.

Hatua inayofuata ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami naisisitiza kuliko zote. Peleka barua masjala, yaani chumba cha kupokea na kusajili barua, si mezani kwa mtu, ukiwa na nakala ya pili, na uombe nakala hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni rahisi kukanwa. Ukiambiwa “iache tu, Mzee, tutakupigia,” jibu kwa adabu kwamba utasubiri muhuri, kisha usubiri kweli. Asiyeweza kusafiri anaweza kutuma kwa rejista ya posta na kuhifadhi risiti, au kutumia e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea malalamiko kwa mtandao, unaopatikana pia kwa simu ya kawaida kupitia *152*00#.

Majibu yasipokuja, andika barua ya kukumbushia ukitaja tarehe ya muhuri, na nakala iende ngazi ya juu. Unaweza pia kuomba taarifa kuhusu shauri lako chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inaipa ofisi siku 30 za kujibu.

Ikiwa mtumishi alidai fedha, hata kama aliziita nauli ya kufuatilia jalada, usimlipe na usianzie kwa mkubwa wake. Toa taarifa TAKUKURU kwa simu ya bure 113 au katika ofisi yao ya wilaya mapema, kwa kuwa anayetoa rushwa naye hutenda kosa.

Ngazi zote za ofisi zikishindikana, mlango mwingine ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, inayopokea malalamiko bila malipo dhidi ya watumishi wanaotumia vibaya madaraka yao. Tume hutoa mapendekezo, na haichunguzi shauri lililo mahakamani. Basi iendee kabla ya kufungua kesi. Atakayeamua kuishtaki Serikali atakiwa kwanza kutoa notisi ya siku zisizopungua 90, na anayetaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa ofisi sharti aombe kibali ndani ya miezi 6 tangu uamuzi huo. Kwa hatua hizo mbili, mwone wakili au msaidizi wa kisheria wa wilaya yako ukiwa na daftari lako na nakala zote zenye muhuri.