Mpopoo ndani ya lupango, yaani uwanja wa nyumba: kuusaidia mti wa pwani upite kiangazi cha Lubumbashi

Kabla hujatoa pesa, chunguza mche. Jina "areka" wauza miche huipa mimea miwili. Ule unaotoa mashina mengi ya manjano kutoka chini asili yake ni Madagaska. Unapendeza mlangoni lakini hautakupa popoo hata moja. Mpopoo wenyewe una shina moja tu, jembamba, lililonyooka, lenye pete pale makuti ya zamani yalipong'oka. Chini ya makuti shina linamalizikia kwenye shingo ya kijani, laini ukiigusa. Ukiona machipukizi pembeni, mrudishie mwenyewe mche wake.

Sasa ukweli wenyewe. Mpopoo unapenda joto la nyuzi 14 hadi 36 na unyevu wa mwaka mzima, na hustawi vizuri zaidi chini ya mita 1,000. Sisi tuko juu ya mita 1,200. Mvua si haba, maana tunapata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, ila zote zinamwagika kati ya mwezi wa kumi na wa nne. Baada ya hapo ni vumbi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa hiyo anayeota biashara ya popoo hapa namshauri aache, apande parachichi. Anayetaka mti mmoja au miwili ya kupamba lupango anaweza kufaulu, mradi aukinge mche kwa kiangazi cha kwanza na cha pili.

Mbegu ndiyo kikwazo cha kwanza. Popoo kavu za dukani, zile za kutafuna na tambuu, haziwezi kuota kwa sababu zimekaushwa, nyingine zimechemshwa kabisa. Unahitaji tunda zima lililoiva, la rangi ya machungwa, bado na makumbi yake. Kama ndugu anakuja kutoka Dar es Salaam au Zanzibar na atapitia mpaka wa Kasumbalesa, aombe hukohuko anakotoka cheti cha afya ya mimea, asije akanyang'anywa mzigo mpakani. Matunda yakifika, yatie kwenye ndoo ya maji. Yanayoelea wima, kikonyo kikitazama juu, ndiyo yanayotoa miche yenye nguvu. Yapange kwenye mchanga wenye unyevu, kikonyo juu, yafunikwe kidogo tu. Usichimbue kila wiki kutazama! Mche wa kwanza unaweza kuchukua mwezi mmoja na nusu kuchungulia, na mingine miezi mitatu. Ukiwa na majani mawili au matatu, uhamishie kwenye mfuko wa plastiki wenye udongo na mboji, ukae kivulini mwaka mmoja au zaidi hadi ufikishe majani matano.

Panda mwezi wa kumi na moja, mvua ikishatulia, ili mizizi ipate miezi mitano ya kushuka kabla ya ukame. Ukingoja mwezi wa tatu umechelewa. Shimo liwe la sentimita 90 kila upande, nusu ya chini ijazwe udongo wa juu uliochanganywa na mboji. Kati ya mti na mti acha mita 2.7. Tazama na juu pia: mti huu unaweza kupita mita 15, usiupande chini ya nyaya za umeme.

Udongo wetu mwekundu unaufaa ukiwa hautuamishi maji. Wengi hupenda kuongeza udongo wa kichuguu, nami sikatai, lakini uwe kiasi kidogo tu, kwa kuwa ni mfinyanzi mzito na ukizidi unaziba. Wanaokaa upande ulikoelekea moshi wa tanuru la zamani la shaba, kama Penga Penga, wajue kwamba udongo wa huko umebeba shaba, risasi na aseniki. Huko leta udongo kutoka kwingine.

Kivuli nacho kina upande wake. Vitabu vya India vinasema mche ukingwe upande wa kusini-magharibi, na ukivifuata hapa utakosea. Sisi tuko kusini ya ikweta. Wakati wa kiangazi jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo linalounguza mchana ni la kaskazini-magharibi. Panda mgomba upande huo, mita mbili hivi kutoka kwenye mche. Siku ukiuondoa mgomba, shina changa lililozoea kivuli linaweza kuungua na kupasuka, kwa hiyo lifungie makuti makavu upande huo.

Halafu maji. Mpopoo mkubwa hupewa lita 175 kila baada ya siku nne hadi nane za ukame, yaani bidoni saba za lita 25. Mahali bomba linapotoa maji usiku wa manane tu, hesabu hiyo ifanye kabla ya kupanda, si baada. Mche mdogo unatosheka na lita kumi kila siku ya pili. Katika baridi mwagilia saa nne asubuhi, si jioni. Maji ya kuoshea sufuria ya bukari, yaani ugali, yanafaa. Yenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hayafai. Tandaza majani makavu kuzunguka shina, ila yasiliguse, maana mchwa hawahitaji mwaliko.

Mwezi wa saba ncha za makuti zitakuwa kahawia. Usiogope, na usikimbilie mbolea. Shika kuti changa la katikati, lile ambalo bado limejikunja, ulivute taratibu. Likigoma, mti uko hai. Likichomoka na chini linanuka, kilele kimeoza, na mpopoo hauna kilele kingine. Mbolea ingoje mvua: kilo 12 za mboji na kilo 12 za majani mabichi kwa mti mkubwa kila mwaka. Mti huu unapenda potasi, basi majivu ya makala (makaa) ongeza kiganja kimoja kimoja, bila yale yaliyochomewa plastiki.

Matunda, kwenye joto la pwani, huanza mwaka wa tano hadi wa nane. Hapa tegemea kuchelewa. Yakija, yasiwe ya kutafuna. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka popoo mwaka 2004 katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, hata ikitafunwa bila tumbaku, na kinywa ndicho kinachoumia. Zikianguka, ziokote siku hiyohiyo kabla watoto hawajazichezea. Nzuri zipeleke kwenye mchanga, nyingine zizike kwenye shimo la mboji.