Futa mtutu kabla ya kuuchungulia

Ukienda kukagua, kabla ya kununua, bunduki kuukuu ya kuwindia ya bolti (komeo linalovutwa kwa mkono kufunga nyuma ya risasi), tuseme Mauser 98, nenda na ufito wa kusafishia na vitambaa vya pamba. Hakikisha haina risasi, chomoa bolti, kisha pitisha vitambaa kutokea upande wa chemba, pale risasi inapokaa, mpaka kitoke kikavu, bila grisi. Ndipo uweke karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa mtutu, uimulike kwa tochi, uchungulie kutokea nyuma. Mafuta hujaza vishimo vya kutu na kuvipa mng'aro, hata mtutu ulioliwa ukaonekana kama kioo. Na mingi imeliwa: fataki nyingi za enzi hizo, yaani viwashio vya kitako cha risasi, zilikuwa na klorati ya potasiamu, iliyoacha chumvi inayovuta unyevu. Malizia kwa kitambaa kinachobana, ukisukume polepole. Kikikwaruza, kuna kutu. Kikilegea ghafla mahali pamoja, na hapo unaona pete nyeusi, mtutu umevimba. Huo usiuchukue hata kwa bei ya kutupa. Vishimo vidogo vilivyotawanyika vinavumilika, ila usafi wake ni kazi, na bei ishuke. Muuzaji akikataa mtutu usifutwe, umeshajibiwa.

Njia hii hushindwa pale shaba ya risasi ilipoganda juu ya vishimo: dawa ya kutoa shaba ikitia kitambaa rangi ya buluu, safisha tena. Wala haioneshi kama bolti inafunga kwa nafasi salama nyuma ya risasi. Hilo hupimwa na fundi wa bunduki kwa geji za kaliba hiyohiyo, kabla ya kufyatua hata moja.