Kibali cha kustaafu Mombasa ukiwa bado ng'ambo: kazi iko kwenye karatasi za mapato

Kuna mzee wa Kijerumani ambaye kila Desemba, kwa miaka mingi, hufikia Bamburi jirani na kwetu. Marehemu baba alikuwa akimchukua baharini kwa ngalawa, na Kiswahili chake amekiokota humo humo. Mwaka juzi alinipigia simu akiwa kwao. Amestaafu, anataka kuja akae, si kuja na kurudi. "Wewe si ndiye wa makaratasi?" Kweli, nina saiba ndogo na mashine ya kuskani, na nilishawahi kuwasaidia wawili watatu. Nikamwambia, mzee, tutamaliza kwa wiki mbili. Yalinitokea puani. Nayaandika haya ili wewe usiingie pale nilipoingia mimi.

Kwanza tuelewane: Kenya haina kitu kinachoitwa viza ya kustaafu. Kilichopo ni kibali cha ukaazi cha daraja la K, chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Uwe na miaka 35 au zaidi, uwe na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, na uahidi kwamba hutafanya kazi ya kulipwa. Ule ruhusa wa kusafiri wa mtandaoni ulioanza Januari 2024 badala ya viza ni wa matembezi tu. Usimruhusu mtu akuambie utauongeza na kuuongeza mpaka uzeeke nao.

Hatua ya 1: Hakikisha unakihitaji

Khalati yangu ni mzaliwa wa Kuze, hapa Mombasa. Alichukua uraia wa Uingereza miaka ya tisini, na alikuwa ameshakubaliana na broka amtafutie daraja la K. Nikamzuia. Ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema aliyekuwa Mkenya wa kuzaliwa, akapoteza uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, ana haki ya kurudishiwa akiomba. Mtu kama huyo halipii kibali cha kuishi kwao. Na kama mume au mke wako ni Mkenya na ndoa yenu imetimiza miaka mitatu, angalia kwanza ukaazi wa kudumu. Mzee wetu hakuwa na mlango wowote kati ya hiyo, kwa hiyo tukabaki na K.

Hatua ya 2: Akaunti

Fungua akaunti ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, kama mgeni, kisha uingie kwenye huduma za raia wa kigeni. Si kazi ya kukuchukua jioni nzima. Nina mambo mawili tu, na la kwanza silegezi: tumia barua pepe yako mwenyewe, si ya broka, si ya wakili, si yangu. Maswali yote ya baadaye huja huko, na nimeona mtu akimbembeleza broka kwa simu ampe nenosiri la maombi yake mwenyewe.

La pili ni jina. Wajerumani wenye herufi ü kwenye jina, tazameni mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti: pale ü huwa UE. Chagua tahajia moja ya kujazia fomu na ushikamane nayo, halafu kwenye barua ya maombi uweke sentensi moja kueleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Hatua ya 3: Ushahidi wa mapato

Hapa ndipo tulipolala.

Sheria haisemi "uwe na pesa." Inataka mapato ya uhakika, yawe yako mwenyewe, na uwe na uhuru kamili wa kuyatumia. Mzee aliponitumia taarifa ya benki yenye akiba nono nikafurahi, nikaipakia. Akiba si mapato. Labda uwe na mtaji utakaouleta na kuuwekeza hapa mpaka uzae kiasi hicho kwa mwaka, lakini hiyo ni hadithi nyingine na simshauri mtu wa pensheni aianze. Kinachofaa ni pensheni, au kodi ya nyumba yenye mkataba, au malipo mengine yanayokuja kila mwezi utake usitake. Mali iliyoko Kenya inayokuletea kodi nayo huhesabika.

Maombi yakarudi, tena kwa haki. Nikabadilisha, nikaweka barua ya pensheni ya serikali pamoja na taarifa ya benki ya miezi sita inayoonyesha pensheni ikiingia. Yakarudi tena. Nilikaa na zile karatasi usiku kucha, feni ikizirusha, nisione kosa. Kumbe kosa lilikuwa juu kabisa, kwenye mstari wa jina la akaunti: majina mawili, lake na la mkewe. Mkewe alifariki miaka mitatu nyuma. Mzee hakuwa amelifuta jina lake.

Nikampigia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hiyo akaunti tulifungua pamoja siku ya kwanza ya ndoa." Sikumsukuma. Baada ya majuma matatu akaniandikia kwamba amefungua akaunti mpya kwa jina lake peke yake na kuhamishia pensheni huko. Ile ya zamani aliiacha wazi, na euro hamsini ndani. Basi tukasubiri miezi mingine mpaka taarifa mpya ijae. Kama una akaunti ya pamoja na mwenzio, awe hai au marehemu, anza na hili kabla hujagusa kingine chochote. Na wanandoa wasijumlishe pensheni zao kwenye maombi ya mmoja wakidhani dola 24,000 ni za nyumba nzima.

Sasa hesabu. Andika kile kinachoingia mkononi, si kile kilichoandikwa kabla ya makato ya bima ya afya. Mzee alikuwa na euro 1,460 za serikali na 610 za kampuni aliyofanyia kazi, jumla 2,070 kwa mwezi, yaani 24,840 kwa mwaka. Kwa kiwango cha wiki ile zilipita dola 26,000, tukatulia. Lakini kumbuka Septemba 2022 euro ilishuka hadi karibu senti 96 za dola. Kwa kiwango kile mzee angekuwa na dola 23,846 na angekwama kwa dola 154. Ukiwa karibu hivyo na mpaka, tafuta chanzo cha pili kabla ya kuomba. Waingereza nao wasijidanganye: pensheni kamili ya serikali kwa mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, ambayo kwa mwaka ilikuwa chini ya pauni 12,000. Peke yake haikufikishi.

Barua zilizo kwa Kijerumani, Kiitaliano au lugha nyingine, zitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapishwa huko huko uliko. Usingoje ufike Mombasa. Wajerumani, pensheni yenu hurekebishwa kila tarehe 1 Julai na barua mpya hutumwa, kwa hiyo tafsiri ile ya karibuni. Panga ukurasa wa asili, nyuma yake tafsiri yake, kisha unaofuata. Ukiweka za asili zote mbele na tafsiri zote nyuma, anayesoma atachoka kabla yako.

Na tafadhali, skani kwa mashine. Mzee alinitumia picha za simu zilizopigwa juu ya kitambaa cha meza chenye maua, kidole gumba kikiwa kwenye tarakimu ya mwisho. Faili moja kwa kila aina ya ushahidi, na jina la faili liseme kilichomo.

Hatua ya 4: Zilizobaki

Fomu 25 iliyojazwa na kutiwa sahihi, barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Huduma za Uhamiaji, nakala za pasipoti, picha za pasipoti za rangi. Kiapo cha kutofanya kazi ya malipo kifanyie kwa mthibitishaji wa umma huko uliko. Kichukulie kwa uzito. Kusimamia baa ya rafiki Mtwapa ili akupe chakula na kitu kidogo ni kazi.

Hatua ya 5: Lipa, usubiri

Ada ni mbili: ya maombi, ambayo hairudi hata ukikataliwa, na ya kibali chenyewe, inayohesabiwa kwa kila mwaka. Soma viwango kwenye akaunti yako siku unayolipa, si kwenye karatasi ya broka. Usiuze nyumba wala kukata tiketi ya kwenda tu wakati hali ya maombi haijabadilika. Yetu, baada ya kurekebishwa, ilichukua miezi mitatu na siku kadhaa.

Hatua ya 6: Ukishakubaliwa

Lipa ada ya kibali, pasipoti igongwe muhuri, kisha ujiandikishe upate kitambulisho cha raia wa kigeni. Mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa kuwa nacho. Piga nakala mbili, moja ikae nyumbani.

Kibali kina mwisho. Weka kikumbusho kwenye simu miezi mitatu kabla, kwa sababu wakati wa kukiongeza utaulizwa tena mapato. Mzee alishaniletea taarifa zake za mwaka wa kwanza wiki iliyopita, zimeskaniwa vizuri, jina moja juu.