Boti ya tanga ya spidi imepinduka? Tobo liacheni kwanza

Rubani katoka mzima? Basi mshukuruni Mungu, mengine yote yanatengenezeka. Boti ndo hiyo ufukweni, pua imepasuka, tanga limechanika, na kila mtu keshaanza kuuliza resini, ile gundi ya kugandishia faiba, iko wapi. Subirini kidogo. Tobo mnaloliona ndo kazi ndogo, kazi kubwa iko mahali ambapo kwa macho panaonekana pazima kabisa.

Hii siyo mbao jamani. Dau likigonga mwamba, ubao unavunjika palepale, unang'oa, unatia mwingine, unapiga kalafati, umemaliza. Boti za majaribio za spidi ni ngozi mbili nyembamba za nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwenye povu gumu katikati, sasa kishindo cha puani kinaweza kusafiri kikatokee kule mkono wa pembeni unapoungana na mwili, ngozi ikabanduka kwenye povu na rangi ya juu haijachubuka hata kidogo.

Kwa hiyo siku ya kwanza ni maji baridi na sarafu. Suuza boti nzima chumvi itoke, povu lililoloa litobolee vitundu kwa upande wa chini lichuruzike, na uliache likauke kweli, hata kama ni wiki mbili, maana kiraka juu ya povu bichi hakishiki. Halafu chukua sarafu, gonga taratibu kila sentimita mbili na sikio liwe karibu. Palipo pazima panaita ti ti ti, palipobanduka panatoa mlio mfu kama unagonga kadibodi. Chora mpaka kwa maka pen na upige picha. Ya kwetu ni ndogo, mita 5, ina foili (bawa la chini ya maji linaloinyanyua boti), na tobo lilikuwa saizi ya kiganja, lakini nilipomaliza kugonga mstari wangu ulikuwa umefika karibu mita nzima nyuma ya tobo. Tungeziba tu tungemuua mtu.

Kabla hujakata chochote, kaeni na video na data za GPS mjue ilianguka kwa nini. Sailrocket ya kwanza, boti ya tanga ya kusaka rekodi ya spidi ya Paul Larsen, ilipaa na kupinduka kinyumenyume kule Walvis Bay, Namibia, Desemba 2008, na baadaye wakajenga ya pili kwa mpangilio mwingine, tanga na foili zikisawazishana ili boti isipinduliwe wala isinyanyuliwe, na hiyo ndo ikaenda noti 65.45 tarehe 24 Novemba 2012, kama kilomita 121 kwa saa. L'Hydroptère ya Wafaransa nayo ilipinduka mwishoni mwa 2008, ikatengenezwa, Septemba 2009 ikavunja rekodi ya spidi ya boti za tanga kwa noti 51.36. Ukirudisha boti vilevile ilivyokuwa umerudisha na ajali yake.

Sasa kukata. Vaa maski ya maana, glavu na mikono mirefu, vumbi la kaboni linawasha, na linapitisha umeme, usiliache liingie kwenye vifaa vyako. Kata mpaka ufike penye mlio mzuri, kisha lala na msasa namba 80 ukichonga mteremko, mara 20 ya unene wa ngozi, yaani ngozi ya milimita 2 unateremka milimita 40 kila upande. Ukichonga vizuri tabaka zinajitokeza kama pete za mti, zihesabu na uangalie nyuzi za kila moja zinaelekea wapi, kisha urudishe idadi ileile na mwelekeo uleule, ukiongeza tabaka moja juu. Usijaze matabaka kwa woga, kiraka kigumu kupita kiasi kinahamishia mpasuko pembeni yake.

Epoksi, ndo resini ya kazi hii, inapimwa kwa mizani ya dijitali. Nasisitiza hapa kwa sababu mafundi wetu wengi wamezoea polyesta, ukiharakisha unaongeza hadena (dawa ya kugandisha) kidogo na inaganda, kwa epoksi ukifanya hivyo umeiharibu, haitakaza vizuri. Futa kwa asetoni na kitambaa safi, laza faiba, funga plastiki na uvute vakyumu, yaani unyonye hewa yote ya ndani, mpaka igande, joto la kuikaushia fuata karatasi ya resini yenyewe. Ukimaliza paka nyeupe, kaboni nyeusi kwenye jua letu inapata joto la kutosha kulainisha epoksi iliyoganda bila kupashwa.

Vyuma navyo, kila boliti itoke, na alumini isiguse kaboni moja kwa moja, weka tabaka la faibaglasi katikati la sivyo chumvi itaila. Foili ipime pembe yake kwa leveli ya dijitali, nusu digrii tu kwa spidi hizo inaweza kuinyanyua boti tena.

Kabla ya maji, uegemeze mkono wa pembeni uliotengenezwa kwenye ncha zake, weka mifuko ya mchanga uliyoipima, soma umepinda milimita ngapi, toa mifuko. Usiporudi ulipokuwa, au ukisikia tik, rudi kwenye msasa.

Siku ya kwanza majini nendeni na upepo mdogo, rubani na helmeti yake, boti ya uokoaji karibu. Kila mkirudi ufukweni, tanga likishashushwa, sarafu mkononi, gonga ukingo wa kiraka mkilinganisha na zile picha za maka pen.